Mikono ya Kumwosha Dada

Nimewaosha wanawake wa mtaa wetu wa Bombolulu, kila mmoja siku yake ilipofika, tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Sikuwahi kuona kinyaa. Silisemi hili kwa kujisifu. Ni kipawa tu nilichopewa, kama mwingine anavyopewa sauti nzuri ya kusoma Qurani. Niliyoyaona katika vyumba vile nimeyafunika na nitazikwa nayo, maana hiyo ndiyo amana ya mwosha maiti. Ninachoandika hapa ni kinyaa kilichonijia uzeeni, juu ya mwili wangu mwenyewe, baada ya kupasuliwa tumbo ili nipungue.

Nilikuwa mnene sana. Magoti yalikataa kwanza, kisha pumzi. Nikawa naswali juu ya kiti, na mtu akifa mtaani nikawa naosha kwa kuelekeza: nimekaa kwenye kigoda pembeni, nawaambia wenzangu geuzeni, mimineni, funikeni. Hilo lilinikera lakini nilivumilia. Nililoshindwa kulivumilia ni neno la dada yangu.

Dada ananizidi umri kiasi cha kuweza kunizaa, na ndiye aliyenilea, kwani mama yetu alifariki sijaacha kunyonya. Yeye ndiye aliyeniogesha, akanisugua kwa dodoki mpaka nikalia, akanipaka mafuta ya nazi. Anaishi Mwakirunge, katika shamba dogo alilotuachia baba, na ana ugonjwa wa sukari wa miaka mingi uliomla macho na nyayo. Siku moja nimekwenda kumtazama, akaniambia, "Mimi nikifa, nioshe wewe. Sitaki mikono mingine." Kisha akanikazia macho yake yale yenye ukungu, nilivyolijaza kochi lake, akaongeza, "Ila kwa huo mwili, mwanangu, sijui nani atamgeuza nani."

Basi daktari aliponieleza kuhusu operesheni ya kupunguza tumbo, watoto wangu walifikiria magoti na presha. Mimi nilimfikiria dada. Nikaswali istikhara, Mungu anichagulie, moyo ukatulia, nikakubali.

Operesheni ilikwenda salama, alhamdulillahi. Waliniambia kwamba nitachoka, nami nikaitikia kwa kichwa, nikidhani najua kuchoka ni nini. Uchovu niliouzoea mimi ulikuwa wa mtu aliyefanya kazi: unalala, unaamka, umekwisha. Huu haukuwa na kazi yoyote nyuma yake. Niliamka nao. Nikinyanyua mkono nichane nywele, mkono ulirudi chini wenyewe, na kitana kimejaa nywele. Kutoka chooni hadi kitandani nilipumzika njiani, nimeshika ukuta wa nyumba niliyoijenga mwenyewe.

Pamoja na uchovu kikaja kinyaa. Pua yangu iligeuka. Kitunguu kikikaangwa nyumba ya tatu, mimi huku nachefukwa. Samaki wa kukaanga, niliyempenda tangu utoto, akawa ananuka kama matope ya mikokoni maji yakitoka. Yai lililochemshwa dakika hiyo hiyo kwangu lilikuwa viza. Nikilazimisha kijiko kimoja zaidi ya tumbo lilivyotaka, chakula kilirudi na povu, povu jeupe zito kama la sabuni, likaning'inia mdomoni lisikatike. Mkaza mwanangu, ambaye naishi naye, alinishikia beseni na uso akaugeuza kwa adabu, nami nikaona haya na kinyaa pamoja.

Pumzi yangu nayo ilinuka. Niliisikia ndani ya ushungi, harufu ya tunda lililosahauliwa chini ya kapu. Nikawa nasoma Qurani nimegeuza uso pembeni, kana kwamba naweza kuukwepa mdomo wangu.

Lakini saa mbaya kuliko zote ilikuwa saa ya kutawadha. Mwili ulikuwa unakwenda zake na ngozi imebaki pale pale inausubiri. Nikiosha mkono, nyama ya juu ya kiwiko ilining'inia na kuchezacheza, ikalowa, ikanigusa ubavuni, baridi kama kitu cha mtu mwingine. Chini ya tumbo kulikuwa na mikunjo iliyojaa jasho na vipele, na ilinuka kitambaa cha jikoni kilicholala majini. Mimi niliyewagusa wafu bila kusita, nikawa najigusa kwa ncha za vidole. Nilimwomba Mungu msamaha kwa hilo kila siku, nikijua kwamba ni neema yake ninayoichukia, na kesho yake nikaichukia tena.

Kwetu mgonjwa hutazamwa, na hatazamwi kwa mikono mitupu. Wakaja na chupa za supu, wakaja na uji wa mtama, wakaja na mahamri ambayo sikuweza hata kuyatazama. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu." Kisha jicho la mgeni linashuka shingoni kwangu, linafika kifuani, linarudi juu haraka. Jirani mmoja, rafiki yangu wa siku nyingi, ambaye ulimi wake haujui kunong'ona, alikaa kitandani pangu akaushika mkono wangu.

"Yakhe, umekuwa kama kanga inayofuliwa kila siku," akasema. "Maua bado yapo, kitambaa ndicho kimekwisha."

Wanawake wakacheka. Nami nikacheka, na kule kucheka kukanichosha nikasinzia wangalipo.

Huyo huyo ndiye aliyeniletea tende. Alikuwa amerudi Umra karibuni, akaja na boksi la tende nyeusi laini za Madina, chupa ya zamzam na kopo la asali. "Nguvu ni hizi," akaniambia. "Uanze nazo asubuhi kabla hujazungumza na mtu. Hayo mayai ya hospitali waachie wenyewe." Nilipozinusa, hazikuninukia vibaya. Katika vitu vyote vya dunia wakati ule, ni tende peke yake zilizoniacha salama. Nikawa nazilowanisha katika maziwa tangu jioni, natia asali, na baada ya swala ya alfajiri nazila kwa bismillahi na kuteremshia zamzam. Zilipita bila povu. Siku ya kwanza nililia kwa shukrani.

Kisha jua likianza kupanda, moyo ulianza kwenda mbio. Jasho la baridi likanitoka mpaka kwenye viganja, tumbo likanguruma nikakimbilia chooni, halafu mwili ukazima kama stima iliyokatwa. Nililala hadi adhuhuri na kuamka nimechoka kuliko nilipolala. Niliamini kwamba ndiyo operesheni hiyo. Na kwa kuwa ni udhaifu, nikaongeza tende.

Nilipokwenda kliniki, binti wa lishe, msichana mpole wa kutoka bara, aliniuliza, "Bibi, niambie kila chakula unachokula tangu ukiamka." Nikamwambia: uji vijiko kadhaa, supu, samaki kidogo akikubali. Akauliza kama nakula kitu kitamu, keki, soda. Nikamwambia sili upuuzi huo. Tende sikuzitaja, na wallahi sikuwa namficha. Aliniuliza chakula, na tende na zamzam kwangu havikuwa chakula. Vilikuwa ibada, kama uradi wangu wa asubuhi, na uradi wangu pia sikumtajia. Akaniambia basi nijitahidi kula mayai na kunywa maji kidogo kidogo, uchovu utapungua. Nikamshukuru, nikaondoka.

Ndipo akafariki mama mmoja mtu mzima wa mtaani kwetu. Waliniita asubuhi, nimeshakula tende zangu. Mkaza mwanangu alinisihi nielekeze tu. Nikakataa. Nilikuwa nimepungua, magoti yanakunjika, na nilitaka habari imfikie dada Mwakirunge kwamba mdogo wake sasa anaosha kwa mikono yake. Hiyo ndiyo nia niliyoingia nayo katika chumba kile, na haikuwa nia safi.

Tulianza vizuri. Kisha moyo ukaanza mbio zake, jasho likanijia, na harufu ya kafuri na majani ya mkunazi, niliyoipenda maisha yangu yote, ikanipanda kichwani kama uvundo. Niliweka kopo chini. Nikatoka mlango wa nyuma, nikatapika ukutani, kwa sauti, maziwa na povu, wanaume waliokuwa wakisubiri na jeneza wakinisikia.

Asiyejua atasema ni tumbo tu. Lakini mwosha akitoka ndani anatapika, watu hawamfikirii yeye, wanamfikiria marehemu. Wanajiuliza amenusa nini, ameona nini. Nilimvunjia mama wa watu heshima siku ambayo hakuweza kujisemea. Wenzangu walimaliza kazi. Mimi nilikaa uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, ushungi umelowa mbele, nikisikia maji yakimiminwa ndani na mikono isiyo yangu, na nilijichukia mpaka nikashindwa kujifuta.

Kabla ya matanga kwisha niliwaendea watoto wa marehemu. Niliwaambia, "Mama yenu alikuwa safi. Tumbo langu ndilo chafu." Mkubwa wao alinipokea kwa adabu, akasema, "Tumeelewa, mama," kwa sauti ambayo sikuweza kujua kama wameelewa.

Habari ilifika Mwakirunge kabla yangu. Nilijikongoja asubuhi moja nikapanda tuktuk, na njia nzima tulikuwa nyuma ya lori la taka linalodondosha maji meusi. Nilipofika kwa dada, moshi wa jaa la taka lililo jirani ulikuwa umelala juu ya shamba kama kawaida yake, moshi wa plastiki na maganda na vitu vilivyokufa. Dada ameuzoea, husema hausikii. Nilimkuta uani juu ya kitanda cha kamba, mguu wake mbovu umefungwa kitambaa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja kututapikia na huku?"

Nikakaa chini mkekani. Nikaanza kumweleza, akanikata. "Usijichoshe. Nimeshamtumia salamu yule mwosha wa kijiji cha pili, amekubali. Mimi sikukasirikii. Ila sitaki watu wasimame nje wakiulizana dada mkubwa alinuka nini."

Nilitaka kumjibu, lakini moyo ulikuwa umeanza tena. Viganja vikalowa, moshi ule ukanikaa kooni. Dada hakuona, macho yake hayaoni umbali huo, lakini alisikia pumzi yangu. Akanyoosha mkono akanipapasa uso.

"Umelowa hivi, umekula nini leo?"

"Sijala kitu."

"Mtu hajala kitu akatoka jasho la namna hii?"

"Tende tu, na zamzam."

"Tende tu."

"Na asali kidogo. Katika maziwa."

 Akaanza kucheka, cheko la kikohozi, mpaka kitanda kikalia chini yake. "Na hospitali uliwaambia?"

"Waliniuliza chakula, dada. Tende ni sunna."

"Mimi nami waliniuliza," akasema, akijifuta machozi kwa pindo la kanga. "Nikamwambia daktari, mimi sukari siigusi. Akanipima, akasema bibi, hii si damu, hii ni sharubati. Nikamwambia labda ni futari, maana mimi Jumatatu na Alhamisi nafunga. Akauliza, kufuturu si kula? Nikamwona hana dini." Akaacha kucheka. "Tende ni sunna na ni sukari, vyote viwili. Wewe umebakishiwa tumbo la kifaranga, halafu kila asubuhi unalimwagia asali. Jasho hilo nalijua mimi. Mpigie huyo binti wako."

Nilimpigia pale pale mkekani. Binti wa lishe alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Bibi, nilikuuliza vitu vitamu."

"Uliniuliza keki na soda, mwanangu."

Akanieleza taratibu. Tumbo dogo kama langu halikai na sukari, linaitupa mara moja kwenye utumbo, na mwili unashtuka: moyo, jasho, kuharisha, kisha sukari ya damu inaporomoka na mtu anazima. Na mayai niliyoyasukuma pembeni ndiyo yangenipa nguvu nilizozitafuta kwenye boksi. Alisema bila kunikemea, na hilo lilinichoma zaidi.

Nilipokata simu nikamwambia dada, "Yule wa kijiji cha pili mwambie asijisumbue."

"Kwanza nikuone umesimama," akanijibu.

Boksi la tende nililigawa. Nikawa nakula mayai, na sitasema kwamba niliyapenda. Niliyameza nimeziba pua, kama mtoto anavyomeza dawa, nikisema alhamdulillahi huku tumbo linabishana nami. Nilikula samaki wa kuchemsha asiye na ladha ya kitu. Nilikunywa maji kwa mafunda ya ndege. Jasho la asubuhi likaacha. Uchovu haukuacha, ulirudi nyuma tu, kama mtu mliyegombana naye anayekaa upande wa pili wa chumba. Nikajifunza kuugawia kazi: nikitawadha, nakaa, nikikaa vya kutosha, naswali, nikiswali, nalala. Siku niliyoswali alfajiri nimesimama, nikasujudu chini mpaka paji likagusa msala, nilibaki pale muda mrefu, kwa shukrani na pia kwa kuwa sikuwa na nguvu za kuinuka.

Ngozi haikubadilika. Iliendelea kuning'inia na kulowa na kunuka mikunjoni, nami niliendelea kuiosha kwa ncha za vidole.

Nilirudi Mwakirunge. Nilitoka kwenye tuktuk bila kushikwa, nikapita uani nikasimama mbele ya kitanda chake.

"Nimesimama," nikamwambia.

"Nasikia sauti yako imetoka juu. Haya, nioshe."

"Dada, u hai."

"Ndiyo nataka nikiwa hai. Nikifa sitajua kama umetapika."

Nilidhani ni mzaha wake. Lakini alikuwa ameshaanza kufungua ushungi.

Nyuma ya nyumba ana bafu la mabati lisilo na paa, na pipa la maji. Nilimkalisha kwenye kigoda, nikamfunika kanga kitovuni hadi magotini, nikavuta kigoda changu nyuma yake. Upepo ulikuwa unatoka upande wa jaa, na moshi ulituingilia kutoka juu. Nilipofungua kitambaa cha mguu wake, harufu ya kidonda ikajiunga nao. Hapo kinyaa kilikuja, nakiri, mate yakanijaa mdomoni. Nikaegemea bati, nikafumba macho, nikasubiri. Mikono ilikuwa mizito kama imevaa nguo zilizolowa.

"Maiti anasikia baridi huku," dada akasema.

Nikameza mate, nikachota maji. Nilimmiminia upande wa kulia kwanza, bila kufikiri, kama mikono yangu ilivyozoea.

"Umeanzia upande wa kulia."

"Ndivyo inavyoanzwa."

"Ahaa," akasema, kama mtu aliyeonyeshwa chumba atakacholala.

Nikamsugua mgongo. Nikapumzika. Nikamwosha kichwa, nikapumzika tena. Alilalamika kwamba sabuni imemwingia jichoni, alilalamika kwamba marehemu wangu wote lazima walikuwa watu wavumilivu sana. Nilipofika kwenye mguu nilikiosha kidonda taratibu kwa maji ya uvuguvugu, na niligundua katikati ya kazi kwamba nilikuwa nakigusa kwa kiganja kizima. Uchovu ulikuwepo. Harufu ilikuwepo. Lakini sikutoka nje.

Nilipomshika kumgeuza, mkono wake ulikutana na ile ngozi ya juu ya kiwiko changu, imelowa, inaning'inia. Akaibana kwa vidole.

"Ni nini hii?"

"Ni ngozi yangu. Iache, dada, inatia kinyaa."

Hakuiacha. Akapapasa chini akaokota dodoki, akalipaka sabuni, akanivuta kama alivyonivuta nikiwa mtoto mwenye matope, akaanza kunisugua mkono ule kwa nguvu ambazo sikujua kama bado anazo. Nilijaribu kujitoa. "Tulia," akaniambia. "Kitu chako mwenyewe unakiosha kama cha jirani, ndiyo maana kinanuka." Alisugua mpaka pakawa pekundu, akamimina maji, akasugua na mkono wa pili. Tulikuwa wanawake wawili wazee, tumekaa kwenye vigoda ndani ya bafu la mabati, mmoja haoni na mwingine hana nguvu ya kukataa.

Nilipomaliza kumkausha na kumvalisha, miguu yangu iligoma, nikajilaza mkekani kando ya kitanda chake.

"Yule wa kijiji cha pili," akasema juu yangu, "nitamwambia aje hivyo hivyo. Atakaa kigodani akuelekeze wewe ukiniosha."

Nilitaka kumwambia kwamba mwosha mwenye adabu haelekezwi, lakini usingizi ulinichukua. Nilipoamka kwa adhana ya alasiri moshi wa jaa ulikuwa ungali unanuka vile vile, na mikono yangu yote miwili ilikuwa inawasha alipoisugua.